Kiboko Asiye na Mgongo

Ndunda alikuwa mtu wa kushuku tangu zamani, hata kabla mgongo haujaanza kumuuma. Ukimwamkua kwa bashasha asubuhi, alijiuliza una shida gani. Ukipita bila kumwamkua, alijua umetoka kumsengenya mahali. Kwa hiyo maumivu yalipomkalia kiunoni na kukataa kutoka, hakujiuliza ni nini kinamuuma. Alijiuliza ni nani.

Alikuwa mchongaji wa vinyago huko Wamunyu, katika kibanda cha mabati kando ya barabara. Kazi yao hufanywa kwa kukaa chini. Mchongaji huketi juu ya gogo fupi, akanyoosha miguu, akaubana mti kwa nyayo zake, kisha akauinamia na tezo mpaka njaa imkumbushe kuinuka. Kila mmoja ana gogo lake, na kuna sheria moja kibandani ambayo hakuna aliyewahi kuitangaza: gogo la mtu haliguswi. Ukifagia, unafagia kulizunguka. La Ndunda lilikuwa la marehemu baba yake, na alilikalia kama chifu anavyokalia kiti chake.

Aliyeketi kando yake alikuwa Muindi. Walianza kazi pamoja wakiwa vijana wasio na ndevu, na sasa wote wawili walikuwa na wajukuu. Mchana, muthokoi wa mahindi na maharage ulipoiva kwenye sufuria kubwa ya kibanda, Ndunda na Muindi walipakuliwa bakuli moja, vijiko viwili. Ilikuwa hivyo miaka nenda miaka rudi, na katika muda wote huo Ndunda hakuwahi kumshuku Muindi kwa lolote. Ni mtu pekee aliyeponea.

Maumivu yalianza kama mzaha, upande wa kushoto chini ya kiuno. Ndunda alijikaza kisabuni. Baadaye hata kuinama kufunga viatu kukawa kazi ya kuomba msaada. Alianza kwa kushuku figo, akanywa maji mpaka mkewe Nzisa akamuuliza kama anataka kugeuka mtungi. Alipoona figo haina hatia, alishuku maji yenyewe, kwamba kisima kina chumvi. Akahamia kwenye godoro jipya ambalo binti yao Mbinya alikuwa amewaletea kutoka Mavoko, alikoajiriwa ofisini. Godoro zuri, zito, na Ndunda akalala sakafuni kando yake wiki nzima huku Nzisa akilifaidi peke yake. Mgongo ukazidi. Hapo akamkumbuka kaka yake Wambua, ambaye waliwahi kugombania naye mpaka wa shamba, akaacha kupita njia ya kwake.

Zahanati walimpiga picha. Mhudumu aliitazama kwenye mwanga, akasema mifupa imechakaa kidogo tu, kama ya mtu yeyote wa umri wake anayefanya kazi ya kuinama.

Maneno hayo yalikusudiwa kumtuliza. Ndunda aliyabeba mpaka nyumbani, akayageuza huku na huku usiku, na kulipokucha yalikuwa yamechacha.

"Muindi ni wa umri wangu," alimwambia Nzisa wakinywa chai. "Kazi yake ni kama yangu. Miti anabeba kama yangu. Mbona yeye haumwi?"

"Umemuuliza kama haumwi?"

"Namuona."

"Basi shukuru kuna mmoja mzima wa kukushika mkono ukishindwa kuinuka," Nzisa alisema. "Wewe Baba Mbinya, huyo pia unataka kumtia kwa orodha?"

Hakutaka. Lakini wazo likishamwingia mtu wa aina yake, halitoki kwa kuambiwa litoke. Alianza kumwangalia Muindi. Na alichokiona kilimpa baridi, kwa sababu Muindi naye alikuwa akimwangalia. Si usoni. Muindi alikuwa akimwangalia kiunoni. Ndunda akiketi, macho ya Muindi yanashuka naye. Akigeuka ghafla, Muindi anarudi kwenye msasa wake na kupuliza vumbi ambalo halipo. Siku moja alimuona ameinamisha kichwa upande, amefumba jicho moja, anamtazama vile mchongaji anavyotazama mti kabla ya kuukata.

Mvua za Novemba zilipoanza, mgongo ulipoa. Haukupona kabisa, lakini Ndunda aliweza kuinama, akalala usingizi, akaanza hata kupiga mluzi kazini. Sifa zote alimpa muuza dawa mmoja aliyetoka upande wa Kithyoko na kipaza sauti chake, aliyemuuzia chupa ya mizizi siku ya soko. Alimsifia mtu yule mpaka wenzake wakachoka. Muindi alisikiliza sifa hizo, akatabasamu. Tabasamu hilo Ndunda alilitia akilini.

Januari, mwenyekiti wao Mutinda alitangaza kwamba wanunuzi kutoka Nairobi wanakuja, na kibanda kisafishwe, si kupakwa mate tu. Kila mtu ainue gogo lake mwenyewe na kufagia chini. Ndunda alilikumbatia gogo la baba yake, akaliegemeza ukutani.

Chini yake kulikuwa na kiboko.

Kilikuwa kinyago kidogo cha mbao, kimezama nusu kwenye vumbi, upande ule wa kushoto. Kichwa hakikuwepo. Miguu ilikuwa imekatwa. Na mgongo, mgongo ndio uliomshtua Ndunda: ulikuwa umechongwa wote ukaondolewa, kuanzia mabegani hadi mkiani, kwa tezo kali, taratibu, na mtu aliyejua anachofanya. Hakuhitaji kuuliza ni nani. Wachongaji hujuana kwa alama za tezo. Mapigo yale mafupi, yaliyopangana kama magamba ya samaki, alikuwa ameyaona kando yake maisha yake yote.

Aliogopa sana, lazima isemwe. Hakuwa akijifanya. Papo hapo mgongo ukamkata kama siku za mwanzo.

Alingoja mchana, watu walipokusanyika mbele ya sufuria, akakiinua juu kiboko kile ili kila mtu akione.

"Hii kazi ni ya nani?"

Wote walijua. Muindi alikuwa ameshika bakuli lao, vijiko viwili ndani. Aliliweka chini.

"Ni yangu."

"Na nani aliiweka chini ya gogo yangu?"

"Ni mimi. Ndunda, kuja ukae kwanza, nikuonyeshe—"

"Nikae?" Sauti ya Ndunda ilipanda mpaka wauza mboga wa ng'ambo ya barabara wakageuka. "Unasikia, Mwenyekiti? Mnasikia wote? Amekata mgongo ya mnyama, akazika mahali mimi hukalia, na sasa ananiambia nikae. Huu ni uoi. Nimekula na mchawi bakuli moja."

Neno limetoka. Katika sehemu zile mtu anaweza kukuita mwizi, mlevi, hata mzinzi, na mkapatana kesho yake. Lile la uoi likishatoka halina mwenye kulirudisha, na watu wamewahi kuchomewa nyumba kwa ajili yake. Muindi alimtazama Mutinda, akawatazama wengine mmoja mmoja. Kila aliyetazamwa alipata kitu cha kuangalia kwenye mikono yake. Ndunda akakitupa kiboko motoni, chini ya sufuria, kikashika haraka kwa sababu kilikuwa kikavu. Siku hiyo muthokoi haukuliwa na mtu.

Muindi alikusanya tezo zake, visu na kipande chake cha msasa, akavifunga kwenye gunia, akaondoka. Gogo lake aliliacha.

Ndunda alitarajia kupona. Mchawi ameumbuliwa, uchawi umechomwa, kilichobaki ni mgongo kutii. Haukutii. Kabla wiki haijaisha maumivu yalikuwa yamerudi yote na kuongeza mengine, na yeye akaeleza kila aliyemtembelea kwamba Muindi sasa anafanyia kazi nyumbani, kwa hasira. Aliacha kwenda kibandani. Alilala kitandani mchana, usiku akakaa macho akisikiliza geti. Mbwa akibweka, misuli yote ya kiuno inakaza. Huku nje maneno yake yalifanya kazi bila yeye. Majirani waliacha kwenda kwa Kasyoka, mke wa Muindi, kuomba moto au kununua mayai. Kanisani benchi lao lilibaki na nafasi pande zote mbili. Nzisa alirudi kutoka huko Jumapili moja akiwa amevimba kwa hasira.

"Kasyoka amekaa peke yake kama mgonjwa wa kuambukiza," alisema. "Nimeenda nikakaa na yeye. Ukitaka, niandike mimi pia kwa orodha yako."

"Utajua mwenyewe."

"Nimeshajua. Mbinya amekupatia nafasi hospitali ya Machakos, kwa mtu wa kutibu viungo. Tunaenda. Kama ni Muindi, hao watamuona."

Mtu wa viungo alikuwa mwanamke kijana aliyeitwa Lavender, mwenye mikono yenye nguvu na maswali mengi. Ndunda alimshuku tangu mlangoni kwa sababu alitabasamu. Lavender alimlaza, akamwinua mguu mmoja, akarudia mwingine, akampiga gotini kwa nyundo ndogo ya mpira. Maumivu yanashuka hadi mguuni? Hapana. Kuna ganzi? Hapana. Haja ndogo inatoka vizuri? Umekonda? Usiku unapata homa? Hapana, hapana, hapana. Alitazama picha ya zahanati na kuirudisha kwenye bahasha.

"Hapa hakuna kitu cha kunitisha, mzee."

"Basi ni nani?"

Lavender hakucheka. "Watu wengi wakija hapa wanataka niwape jina moja. Mfupa fulani, mshipa fulani. Wewe unataka jina la mtu. Sina. Mgongo ukiuma muda mrefu hivi, mara nyingi ni mambo mengi yamesaidiana. Unalala?"

"Nalinda."

"Unalinda nini?"

Nzisa akajibu kwa niaba ya mumewe, kwa urefu, na hakumpunguzia chochote.

"Ukiogopa, misuli inakaza," Lavender alisema. "Usipolala, maumivu yanazidi ukali. Ukikaa kitandani siku nyingi, kiuno kinakuwa dhaifu. Hayo matatu peke yake yanatosha. Lakini yalikukuta tayari unaumwa. Nionyeshe vile unakaa ukichonga."

Alimpa kijibao kifupi. Ndunda aliketi, akanyoosha miguu, akashika tezo ya hewa. Yule dada alizunguka nyuma yake, akainamisha kichwa upande, akafumba jicho moja. Ndunda alimwona kwenye kioo kilichokuwa ukutani. Alikuwa amewahi kutazamwa hivyo.

"Mbona unaangalia hivyo?"

"Naangalia vile umepinda. Hiki kijibao kiko sawa, lakini wewe umekaa kama mtu anayezuia kuanguka upande wa kushoto. Huko kazini unakalia nini?"

"Gogo. Ni ya baba yangu."

"Iko sawa?"

"Nimesema ni ya baba yangu."

"Nimesikia, mzee. Nimeuliza kama iko sawa."

"Mchwa walikula kidogo," Ndunda alisema mwishowe. "Upande wa kushoto, huko chini. Kidogo tu."

"Na unaikalia kutwa. Hakuna mtu amewahi kukuambia?"

"Nani aniambie?" Nzisa alimwigiza kwa sauti ya chini, akitazama dirishani. "Hilo gogo mtu akilitaja tu, anaulizwa analitakia nini."

Lavender akauliza kama kuna wakati wowote alipata nafuu. Ndunda akasema ndiyo, mvua zilipoanza, mpaka Januari. Alikuwa amebadilisha nini? Alikuwa akinywa dawa ya mizizi. Na Januari dawa iliisha? Haikuisha. Bado iko nusu chupa, na bado anainywa.

"Sawa. Sikukatazi kulikalia gogo la baba yako," Lavender alisema. "Lakini inuka mara kwa mara, tembea, usikae mpaka njaa. Nitakufundisha mazoezi. Na chini ya ule upande ulioliwa weka kipande cha mbao. Si kila mbao. Kiwe kimechongwa mshazari, kinene huku nje, chembamba huku ndani, ndio gogo lirudi kukaa sawa."

Aliuonyesha mshazari wenyewe kwa kiganja chake, amekilaza hewani, kimeinama upande mmoja.

Ndunda alikitazama kiganja kile. Aliujua mteremko ule. Alikuwa ameushika mkononi, ameuinua juu watu wauone, mapigo mafupi yaliyopangana, mnene huku, mwembamba kule. Mti mkavu, mgumu, wa kubeba uzito wa mtu. Kiboko aliyeharibika kazini, wa kutupwa, akakatwa kichwa na miguu visichomoze nje, akachongwa mgongo mpaka ukalingana na tumbo la gogo lililoliwa na mchwa. Mtu alikuwa amepima kwa jicho, siku baada ya siku, kwa sababu kugusa hakuruhusiwa. Kisha akavunja sheria ya kibanda mara moja, wakati hakuna anayemwona.

"Mzee? Nimekuumiza?" Lavender aliuliza.

"Hapana."

"Unalia."

"Naona," Ndunda alisema.

Kesho yake alitembea hadi kwa Muindi peke yake, mchana kweupe. Aliona aibu njia nzima, hasa pale watu walipomwita kumpa pole na kumuuliza kama mchawi wake bado anamsumbua. Kasyoka alikuwa akipepeta pojo uani. Alimwona, akainuka, akaingia jikoni bila kumwamkua. Muindi alikuwa nyuma ya nyumba, ameketi juu ya mtungi wa plastiki uliogeuzwa, anachonga mwiko. Amekonda.

"Nimetoka Machakos," Ndunda alisema. Hakuna aliyemkaribisha kiti, akabaki amesimama. "Nimejua ile kiboko ilikuwa ya nini."

Muindi aliendelea kuchonga.

"Mbona hukuniambia tu? Ndunda, gogo yako imeliwa. Si ungesema hivyo?"

"Ningekuambia, ungeniuliza naitakia nini." Muindi aliupuliza mwiko. "Nilisema ukipona utadhani ni dawa, na hiyo si mbaya. Mtu apone kwanza."

"Nimekosea," Ndunda alisema. "Nimekukosea sana, Muindi. Wewe na Kasyoka. Rudi kibandani."

"Umeniambia mimi. Mimi nilikuwa najua." Sasa Muindi alimtazama. "Waambie wale hawajui."

"Nitawaambia. Kesho, mchana, mbele ya sufuria, wakiwa wote. Na kanisani nitasimama."

"Ukishasema, ndio tuongee mambo ya kurudi."

Ndunda akaitika. Alikuwa anageuka kwenda, mkono kiunoni, Kasyoka alipotoka jikoni. Alikuwa na bakuli la muthokoi lenye moshi, maana ilikuwa saa ya kula na mgeni ni mgeni hata akiwa yule. Aliliweka juu ya kigoda katikati yao. Bakuli moja, vijiko viwili. Kisha akarudi ndani.

Ndunda alijishusha polepole, akaketi chini kwenye vumbi. Alinyoosha mkono kuchukua kijiko, lakini Muindi alimtangulia. Alichota upande wa Ndunda, akakiinua kijiko wazi, vile wenyeji wanavyofanya mbele ya mtu wasiyeaminiana naye, ili aone kwamba chakula hakijatiwa kitu.

Miaka yote ile hakuna aliyewahi kumwonjea mwenzake.

"Muindi, usionje," Ndunda alisema, akamshika mkono. "Tafadhali. Mimi nakula tu."

Muindi aliutoa mkono wake taratibu, bila hasira. "Wacha nionje," alisema. "Ndio ulale."

Akala kijiko kile, akatafuna, akameza huku Ndunda akimtazama. Kisha akalisukuma bakuli mbele yake, akaurudia mwiko wake, na Ndunda akala peke yake.